Hita inazimika alfajiri

SWALI: Fundi, hita ya dizeli niliyofunga kwenye karavani huwaka vizuri jioni. Usiku naiacha moto wa chini kabisa. Alfajiri inatoa moshi na kugoma kuwaka tena. Betri ni mpya.

JIBU: Betri usiilaumu, ndugu yangu. Moto mdogo usiku kucha hujaza masizi kwenye chumba cha kuchomea. Iendeshe moto wa juu nusu saa kabla ya kuizima, na uzime kwa swichi yake. Ukikata umeme ghafla, feni haitakipoza chumba hicho. Kagua waya pia: mwembamba hupoteza volti, na plagi ya kuwashia moto hula umeme mwingi. Kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, hukuitaja. Kama huna, usilale humo hita ikiwaka.