Maswali na majibu: vitabu na kozi za mtihani wa uhandisi wa miundo Marekani

Wiki hii najibu wasomaji wanaofanya kazi Marekani na wanaojiandaa kwa mtihani wa PE Structural, unaotungwa na baraza la NCEES.

Rafiki ameniachia sanduku zima la vitabu vya kabla ya 2024. Vitanifaa?

Vya nadharia vitakufaa, kwa kuwa boriti inapinda leo kama ilivyopinda jana. Miongozo ya mtihani wenyewe iweke kando, kwa sababu tangu 2024 mtihani unafanyika kwenye kompyuta katika sehemu nne: mizigo ya wima, kisha nguvu za upande, yaani upepo na tetemeko la ardhi, kila moja ikiwa na sehemu ya upana, inayogusa mada nyingi, na ya kina, inayochimba mada chache. Vitabu havibebwi tena. Kanuni za usanifu unazisoma kwenye skrini. Kabla ya kutoa hata senti, fungua orodha ya kanuni inayotolewa na NCEES na uangalie mwaka wa kila toleo. Chukua ACI 318, kanuni ya zege: katika toleo la 2014, bamba lisilo na pete za nondo unaweza kulikagua dhidi ya nguvu ya mkato kwa fomyula fupi isiyouliza kiasi cha nondo, lakini toleo la 2019 linadai kiasi hicho pamoja na kina cha bamba. Ukifanya mazoezi kwa toleo lisilo la mtihani, utapata jibu safi ambalo ni kosa.

Kozi za marudio ni ghali mno. Je, ni lazima nilipie?

Si lazima kwa kila mtu. Anayesanifu maghala ya chuma huenda hajawahi kugusa ukuta wa tofali wala mbao, na huyo namshauri alipe, ila atafute kozi inayouzwa kwa sehemu, yenye mwalimu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi kwa mkono. Hili nalisema kwa uchungu: nilitumia miezi miwili kutazama video nikiitikia kwa kichwa, na nilipowekewa karatasi tupu nikashindwa kufuata nguvu ya tetemeko kutoka kwenye paa hadi msingi. Kumtazama mwenzako akikokotoa si kukokotoa.

Katika sehemu za kina, nichague majengo au madaraja?

Chagua unachofanya kazini. Hata hivyo, usiitupe kabisa AASHTO, kanuni ya madaraja, kwa kuwa sehemu za upana zina maswali ya madaraja pia.

Mazoezi niyafanyeje?

Funga vitabu vya karatasi mapema, ufanye kila swali ukiwa na faili la PDF na kikokotoo kilichoruhusiwa. Kutafuta neno moja katika faili kubwa kunakula dakika, hivyo ijue njia: katika ASCE 7, kanuni ya mizigo, tetemeko linaanza sura ya 11, na upepo uko kuanzia sura ya 26 hadi 31. Maswali ya mfano ya NCEES yahifadhi kwa wiki za mwisho, uyafanye ukijipimia muda, kwa kikao kimoja, bila kuchungulia majibu.