Bastola ya kukoki kwa kidole gumba: kabla hujalipia, soma hili

Mpwa wangu wa Makambako alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Maombi yangu ya silaha yamepita, sasa ninunue bastola gani?" Alikuwa ameshaipenda moja kwa macho: ile ya silinda yenye nyundo iliyosimama nje, unayokoki kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga. Nilimjibu haraka haraka, na baadaye moyo ukanisuta. Nimeimiliki bastola ya aina hiyo kwa miaka mingi hapa Mafinga, na ningetamani mimi mwenyewe ningekuwa nimepata mtu wa kunieleza haya.

Kwenye bastola hii triga ina kazi moja tu, kuiachia nyundo. Kuivuta nyundo nyuma ni kazi ya kidole chako. Zile nyingine za silinda, triga inafanya yote mawili, inavuta nyundo kisha inaiachia, na ndiyo maana ni nzito kuivuta, kilo 5 hivi. Hii yetu ukishaikoki, kilo 2 au pungufu zinatosha. Wepesi huo ndio utamu wake na ndio hatari yake.

Kwa kulenga shabaha sijaona mwalimu bora. Kila risasi inakulazimisha usimame, ukoki, upumue, ulenge upya. Kujaza nako ni taratibu: unafungua kidirisha upande wa kulia, unaingiza risasi moja, unazungusha silinda, unaingiza nyingine. Maganda yanatoka vivyo hivyo, moja moja, kwa kusukumwa na kijiti kilicho chini ya mtutu. Mtu wa pupa itamchosha. Mimi ilinifundisha kutopoteza risasi, na bei ya risasi mnaijua.

Ukitaka ya kujifunzia na kujifurahisha, chukua ya risasi ndogo, .22. Haina kishindo kikubwa, haikuzoeshi kufumba macho kabla ya mlio. Kampuni ya Ruger wanatengeneza bastola ya namna hiyo, Single-Six, tangu 1953, na zipo zinazouzwa na silinda mbili, moja ya .22 ya kawaida na moja ya .22 Magnum, yenye nguvu zaidi. Ukipenda kubwa zaidi, ya .357 Magnum inapiga pia .38 Special, ambayo ni laini mkononi. Usijaribu kinyume chake, yaani risasi ya .357 kwenye bastola ya .38. Ila ulizia kwanza duka lina risasi zipi kwa mwaka mzima, ndipo uulizie bastola.

Ishike kabla ya kulipa. Mpini wake umepinda kama wa nyengo, na bastola inapopiga inajiviringisha kiganjani, mtutu unapanda juu. Hiyo ni kawaida. Kidole gumba kiifikie nyundo bila mkono kuhama. Kama ni ya mkono wa pili, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba matundu yote ni matupu, kisha ikoki polepole na ujaribu kuitikisa silinda. Ikicheza sana, rudisha.

Halafu uliza umri wake. Colt ya mwaka 1873 na zilizofuata mtindo wake zina pini ya kugonga risasi iliyo kwenye nyundo yenyewe, na nyundo ikilala, pini inagusa kitako cha risasi. Ikidondoka sakafuni inaweza kulia. Ndiyo maana wenye nazo hujaza risasi tano badala ya sita, nyundo ikalala juu ya tundu tupu. Ruger waliweka mwaka 1973 kipande cha chuma kinachozuia hilo: pini yao iko kwenye mwili wa bastola, na triga isipovutwa, nyundo haiifikii. Kama una watoto nyumbani, au unasafiri nayo kwenye gari, usinunue isiyo na kinga hiyo.

Sasa suala la kujilinda, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Ilikuwa Julai, asubuhi, sakitu imetanda kwenye majani. Tulikuwa uwanja wa shabaha, nimeshakoki, mwalimu akasema tusimame kwanza. Nikataka kuirudisha nyundo taratibu: unaishika kwa kidole gumba, unavuta triga, unaishusha. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi kwa baridi. Nyundo ikaniponyoka. Risasi ikaingia ardhini hatua moja mbele ya buti langu, udongo ukanirukia hadi magotini. Mwalimu hakupiga kelele. Alininyang'anya bastola, akaitoa risasi zote, akanirudishia tupu, akaniambia nishushe nyundo mara hamsini.

Tangu siku ile nimeiwaza sana saa nane ya usiku. Watu husema tatizo la bastola hii ni kwamba unachelewa kukoki. Hapana, kukoki ni rahisi. Tatizo ni baada ya hapo. Umesikia kishindo mlangoni, umekoki, halafu unakuta ni mwanao amerudi, au jirani anayeomba msaada, au mwizi ameshakimbia. Sasa umeshika silaha ambayo mtetemo wa kidole unatosha kuilipua, mkono mwingine una tochi, na lazima ushushe nyundo huku unatetemeka. Mimi nilishindwa mchana, sina hofu, mwalimu yuko pembeni.

Kwa hiyo kwa ulinzi wa nyumba, mpwa wangu, usichukue hii. Chukua ya silinda ambayo triga inafanya kazi zote mbili. Uzito wa ile triga ni rafiki yako usiku. Na kabla ya hiyo, weka taa ya nje, komeo la maana, mbwa, na namba za majirani. Kanuni ya Adhabu inakuruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari, na huko mahakamani watakuuliza juu ya kila sekunde.

Yoyote utakayochukua, ikae kwenye sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti, risasi mahali pengine, funguo kwako. Mke wangu alidai hivyo tangu siku ya kwanza, na alikuwa sahihi.

Jumamosi anakuja. Nitamkabidhi yangu ikiwa tupu, matundu yote tumeyakagua wawili, na ataishusha nyundo mara hamsini. Tutaanza alfajiri, kabla baridi haijakatika.