Daftari la Jupyter: lilivyonitia aibu ofisini, na kwa nini bado nalitumia

Asalaam aleikum wanajukwaa. Nayarudia maswali ya mleta mada ili anayeingia sasa asihangaike kupanda juu. Anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, wenzake wanatumia daftari la Jupyter, yaani ukurasa wa kwenye kivinjari wa kuandika na kuendesha msimbo kipande kipande, lakini kuna kaka mmoja kazini kamwambia hilo ni la kuchezea tu, mtu mzima huandika faili la .py, lile la kawaida la Python linaloendeshwa lote kwa pamoja. Tena kila akimtumia mtu daftari lake, kule linakataa au linatoa majibu mengine. Nimeona majibu mengi ya "tumia hili, achana na lile". Mimi nitasimulia yaliyonipata, yeye achukue linalomfaa.

Mimi si mhandisi wa programu. Nafanya hesabu kwenye ofisi ndogo ya klaringi hapa Mombasa, zile za vyumba viwili juu ya ghorofa, feni inazunguka na joto liko palepale. Kazi yangu ni makontena: limeshuka melini lini, siku za bure zimeisha lini, limerudi tupu lini, mteja anadaiwa dola ngapi kwa kuchelewa. Miaka yote ilikuwa Excel. Mwaka 2021 nikaanza Python usiku, watoto wakishalala, na daftari ndilo lililonishika mkono. Unaandika mistari mitatu ndani ya seli, yaani kisanduku kimoja cha daftari, unabonyeza Shift na Enter, jibu linatokea hapo hapo chini. Ukikosea umekosea mistari mitatu, si mia mbili. Baina ya seli na seli unajiandikia maelezo kwa lugha yako, ili mwezi ujao usijiulize huyu aliyeandika haya alikuwa na akili gani.

Sasa aibu yenyewe. Bosi alitaka orodha ya madeni ya mteja mmoja. Nikapakia data, nikaandika seli ya kuondoa makontena yaliyokwisha lipiwa, nikaiendesha, ikafanya kazi. Kisha, kwa kupenda usafi, nikaifuta. Nikajiambia imeshamaliza kazi yake, ya nini kubaki inaziba njia? Jumla ikatoka sawasawa. Nikamtumia dada tunayefanya naye kazi ili atengeneze ankara. Yeye akaendesha daftari lote kwenye mashine yake kuanzia juu, akapata jumla kubwa zaidi, akadhani nimeongeza data mpya. Ankara ikaenda. Siku ya pili mteja, mzee wa watu, akaja mwenyewe, kabeba risiti zake kwenye mfuko wa plastiki, akazipanga moja moja mezani kwangu bila kusema neno. Nusu ya makontena tuliyomdai alishayalipia.

Usiku nilikaa nikitafuta mdudu, yaani kosa lililojificha, yuko wapi. Kwangu jumla sawa, kwa dada si sawa, na msimbo ni ule ule, herufi kwa herufi.

Kilichonifungua macho ni duka la ami yangu pale Majengo. Ami alikuwa na daftari la madeni, lile la jalada gumu. Lakini daftari lilikuwa nusu tu ya hesabu, nusu ya pili ilikuwa kichwani mwake. Ukurasa ukichanika, ami bado anajua nani anadaiwa unga na nani kalipa. Alipougua na mwanawe kusimama dukani, yule kijana alikuwa na daftari tu. Waliolipa wakadaiwa tena, waliokopa wakapita wakisalimu.

Jupyter ni hivyo hivyo. Unachokiona kwenye skrini ni daftari. Nyuma yake kuna programu inayoshika kumbukumbu, wenyewe huiita kerneli, na hiyo ndiyo ami. Ukifuta seli, umechana ukurasa, lakini matokeo yake yamebaki kichwani mwa ami. Ukimtumia mtu daftari, umemtumia karatasi. Ami umebaki naye nyumbani.

Ndiyo maana kando ya kila seli kuna namba kwenye mabano. Si namba ya mahali ilipo, ni ya zamu yake ya kuendeshwa. Ukiona juu [7], chini yake [3], halafu [21], ujue mwenyewe alikuwa akiruka ruka, na usiiamini jumla yake hadi uifanye upya. Kwenye menyu kuna amri ya kuanzisha kerneli upya na kuendesha seli zote kuanzia juu. Tangu siku ya yule mzee, hakuna daftari linalotoka mkononi mwangu kabla sijafanya hivyo. Kwa data zangu ni sekunde arubaini, sana sana dakika.

Kuna ndugu yake huyu mdudu. Nilikuwa na seli inayobadili dola kuwa shilingi, kiwango cha 110: chukua safu wima ya gharama, zidisha, rudisha kwenye safu ile ile. Ukiiendesha mara moja, dola 80 inakuwa shilingi 8,800. Kidole kikiteleza ukaiendesha tena, inakuwa 968,000. Hiyo ni kubwa, utaiona na kucheka. Lakini kama ungekuwa unaongeza kodi ya asilimia kumi na sita mara mbili? Hapo hucheki, hata kuona huoni. Dawa yake ni ndogo: matokeo yape jina jipya. Gharama ya dola ibaki gharama_dola, ya shilingi iwe gharama_shilingi. Endesha mara mia, jibu ni lile lile.

Msije mkafikiri nalichukia. Daftari hilo hilo limeniokoa pia. Karatasi zetu huandika siku kwanza, kisha mwezi. Maktaba ya pandas, yaani msimbo uliokwisha andikwa wa kushughulikia majedwali, ukiiacha ijiamulie, husoma Kimarekani, mwezi kwanza. Kontena lililoshuka 04/03/2021, yaani tarehe 4 Machi, ikalisoma 3 Aprili. Tarehe ya kurudi ilikuwa 25/03/2021, na kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano, ikageuza yenyewe ikasoma 25 Machi, kimya kimya. Badala ya siku 21 nikapata hasi 9: kontena limerudi kabla ya kufika! Nililiona papo hapo kwa sababu jedwali lilikuwa limekaa chini ya seli likinitazama. Kwenye faili la .py ningeona jumla ya mwisho tu, hasi tisa zikiwa zimezikwa humo ndani. Dawa ni kuandika dayfirst=True wakati wa kusoma faili. Tangu pandas 2.0 ya mwaka 2023 mambo ni afadhali, huchukua mtindo wa tarehe ya kwanza na kulalamika ikikuta isiyolingana, lakini wewe iambie tu.

Sasa yule kaka na "la kuchezea". Mwambie taratibu. Fernando Pérez alianza IPython, mzazi wa daftari hili, mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi wa fizikia kule Colorado, daftari la kwenye kivinjari likatoka 2011, na 2014 likapewa jina la Jupyter, kutokana na lugha tatu za programu: Julia, Python na R. Lina tuzo ya mifumo ya programu ya 2017 kutoka ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta. Wanasayansi wa LIGO, mradi wa utafiti wa fizikia, walipotangaza Februari 2016 kwamba wamenasa mawimbi ya mvutano, waliweka hadharani data pamoja na daftari, mtu yeyote aendeshe ajionee. Hicho si cha kuchezea.

Lakini haki yake pia tumpe. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya kuchunguza madaftari zaidi ya milioni moja yaliyowekwa GitHub, tovuti ambapo watu huweka misimbo yao. Katika yale waliyojaribu kuyaendesha upya, kama robo tu ndiyo yalifika mwisho bila kosa, na yaliyotoa majibu yale yale ya mwenyewe yalikuwa asilimia 4 hivi. Niliposoma hapo nikajisikia nafuu kidogo. Kumbe tuko wengi.

Kwa hiyo kwa nini la mleta mada halifunguki kwa wenzake? Nadhani ni moja kati ya haya. Umeandika njia ya faili ya mashine yako, C:\Users na jina lako. Mwenzako hana folda hiyo. Weka data kwenye folda moja na daftari, uandike jina la faili tu, kisha utume folda nzima. Au una maktaba ambazo yeye hana, au anazo za toleo jingine. Andika orodha yake na matoleo yake kwenye faili la requirements.txt. Au, na hili hutokea sana, umemtumia .ipynb (faili la daftari lenyewe) kwenye WhatsApp, naye kaigonga kwenye simu ikamletea mabano na alama za nukuu tele. Faili hilo kwa ndani ni maandishi ya JSON, mtindo wa kupanga data kwa mabano na nukuu, halifunguki kama picha. Bosi wangu mimi simtumii daftari kabisa. Nalitoa kwa HTML, yaani kama ukurasa wa wavuti, anafungua kwa kivinjari cha simu akiwa kwenye foleni ya feri Likoni, anaona majedwali na michoro, basi.

Na hapo kwenye JSON kuna jambo ambalo watu hulisahau. Matokeo yako yote yamo ndani ya faili. Ukionyesha jedwali la wateja kwenye seli ya nne kisha ukaliweka GitHub hadharani, umeweka majina na madeni ya watu hadharani. Hata kufuta faili la data hakusaidii, maana jedwali limeshanakiliwa ndani ya daftari. Safisha matokeo kabla ya kutuma nje. Neno la siri usiliandike ndani ya seli hata kwa dakika moja.

Kama laptopu yako ni ya RAM ya GB 4 kama ya kwangu ya kwanza, anza na Google Colab, daftari linaloendeshwa kwenye mashine za Google, husakinishi kitu. Lakini jua kwamba huko ami ni wa kukodi: ukikaa kimya muda mrefu anaondoka, na huduma ya bure haizidi saa 12. Faili ulizopakia zinaondoka naye, kwa hiyo ziweke Google Drive. Mimi siku hizi naendesha kwenye mashine yangu kwa sababu ya bando. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa hapa kwetu tangu 2009, na bando bado linakatika kama uzi wa kishada! Stima nayo ikipotea, daftari lililohifadhiwa unalikuta, ila kumbukumbu imefutika, unaanza juu. Mwanzo nilikuwa nalaani. Sasa naona hakuna mkaguzi bora: kama daftari haliwezi kuinuka baada ya stima kurudi, halikuwa zima.

Na .py? Nahamia huko nikijikuta nimenakili seli ile ile kwenye daftari la tatu. Hesabu ya siku za bure, kwa mfano, iko kwenye faili lake la .py, na madaftari yote yanaiita kutoka humo. Ripoti ya kila asubuhi pia ni .py, maana hakuna wa kukaa alfajiri akibonyeza Shift na Enter. Kutafuta, kuchunguza na kumwonyesha mtu, hapo bado ni daftari.

Mleta mada, fanya ile ya kuanzisha upya na kuendesha zote, kisha utuletee hapa mstari wa mwisho wa kosa lenyewe. Uunakili kama maandishi tafadhali, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kutoka pembeni.