Je, Ninamkosea Mwenye Duka wa Mtaani Kwangu?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya. Tangu lifunguliwe mjini duka kubwa linalouza sukari, mafuta na sabuni kwa bei ya chini kuliko mtaani, kila mume wangu anapopokea mshahara hupanda daladala nikanunua huko mahitaji ya mwezi. Wifi yangu ananilaumu kwamba ninamfilisi mwenye duka jirani, ambaye hutukopesha fedha zikituishia katikati ya mwezi, na kwamba bei zile ni jasho la watu wengine. Je, ninatenda dhambi?
Mama wa watoto wanne, Uyole

JIBU: Dada yangu, mama anayelisha watoto wanne kwa mshahara mmoja hapaswi kuona haya kwa kutafuta bei nafuu. Hata hivyo, neno la wifi yako lina uzito.

Unafuu mwingine ni halali kabisa. Anayechukua sukari kwa tani moja kwa moja kiwandani hupata bei asiyoweza kuipata mwenye duka anayenunua mifuko miwili kwa muuzaji wa jumla pale Mwanjelwa. Lakini upo unafuu unaotoka mfukoni mwa mtu: mfanyakazi anayesimama kaunta kupita saa 45 kwa wiki zilizowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 bila kulipwa saa za ziada, au mkulima wa viazi wa Uporoto anayefikisha mzigo leo akasubiri malipo kwa miezi. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya iliyochukua maduka ya Shoprite nchini mwetu mwaka 2014, ilipoanguka miaka michache baadaye iliacha wasambazaji wengi wakidai fedha zao. Mteja hawezi kukagua mikataba, lakini anaweza kuzungumza na binti wa kaunta, na akisikia kwamba hawana hata siku ya kupumzika, ana sababu ya kutosha ya kupeleka fedha zake kwingine. Haki hiyo tuidai mtaani pia, maana kijana anayelala nyuma ya magunia ya duka dogo na kuamshwa alfajiri auze mkate naye ni mfanyakazi.

Linalonisumbua zaidi katika barua yako ni mkopo. Fedha taslimu unazipeleka mjini, jirani unamwachia daftari la madeni. Kila kilo ya sukari uliyokopa ni mtaji wake uliolala nyumbani kwako bila riba, na ile bei yake ya juu kidogo ndiyo inayolipia subira hiyo. Wenye mishahara wote wakimfanyia hivyo atafunga duka, na watakaoumia kwanza ni majirani wanaonunua robo kilo kwa siku, ambao nauli ya mjini hawana.

Kwa hiyo vitu vinavyokaa muda mrefu, kama sabuni na dumu la mafuta, endelea kuvinunua mjini, ila toa kwanza nauli ya kwenda na kurudi katika hesabu yako, kwa sababu inaweza kumeza sehemu kubwa ya unafuu wenyewe. Sukari, unga na chumvi nunua kwa jirani kwa fedha taslimu mshahara unapotoka, wala usimwendee katikati ya mwezi tu. Na deni lililomo kwenye daftari lake ulimalize kabla ya kupanda daladala.