Fidla Ikibadilika Sauti, Pima Hewa Kwanza

Wapiga fidla wengi, sauti ya ala yao inapoharibika, hukimbilia kubadilisha nyuzi au kuipeleka kwa fundi, ilhali mara nyingi kilichobadilika ni hewa ya chumbani. Baada ya miaka mingi ya kupiga na kufundisha fidla, naamini kwamba kati ya joto na unyevunyevu, unyevunyevu ndio wa kuangaliwa kwanza, ingawa joto ndilo tunalolihisi upesi mwilini na ndilo linalotupiwa lawama zote.

Uso wa fidla hutengenezwa kwa mbao nyepesi ya sprusi, na mgongo wake kwa mbao ngumu zaidi ya mepo. Mbao hizo hazikomi kunyonya maji ya hewani na kuyaachia, na hutanuka kwa upana kuliko kwa urefu. Unyevu ukizidi, uso huvimba na kuinuka, daraja, yaani kibao kinachozibeba nyuzi juu ya uso, hupanda pamoja nao, na nyuzi hukaa mbali na ubao wa vidole, kiasi kwamba mkono wa kushoto huchoka mapema. Mbao iliyoshiba maji pia huwa nzito na humeza mtikisiko, ndiyo maana sauti husikika imefifia na haifiki mbali. Ukavu huleta kinyume chake: sauti huwa kali na nyembamba, nyuzi hukaribia ubao, na vigingi vya kukazia nyuzi husinyaa na kuteleza.

Ukifungua kasha ukakuta nyuzi zote zimelegea, usianze kuzikaza. Chungulia kwanza kupitia tundu la usoni uone kama kijiti cha ndani, kile kinachosimama kati ya uso na mgongo bila gundi, bado kipo mahali pake, kwa sababu kikiwa kimeanguka, mkazo wa nyuzi unaweza kuupasua uso. Kikiwa salama, simamisha daraja wima, kisha kaza uzi mmoja mmoja huku ukikisukuma kigingi ndani taratibu.

Joto lenyewe huonekana upesi zaidi kwenye nyuzi. Chini ya taa kali za jukwaani, uzi wa chuma hurefuka na sauti yake hushuka, wakati filimbi na tarumbeta za wenzako zinapanda, kwa kuwa sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa yenye joto. Kwa hiyo mabadiliko yakija ndani ya dakika chache, shuku nyuzi. Yakija polepole kwa siku kadhaa, shuku mbao.

Joto pia hukausha hewa bila sisi kutambua. Hewa ya nyuzijoto 10 yenye unyevu wa asilimia 60, ikipashwa hadi nyuzijoto 22 pasipo kuongezewa maji, hubaki na unyevu usiofika hata asilimia 30, na hapo fidla imeshaanza kuteseka. Kiwango kizuri ni kati ya asilimia 40 na 60, na ningependelea chumba kinachobaki kwenye 60 mwaka mzima kuliko kile kinachorukaruka kati ya 35 na 55.

Nunua kipimo cha unyevu ukiweke ndani ya kasha, lakini usikiamini kabla ya kukijaribu. Lowesha chumvi ya mezani ndani ya kizibo kidogo mpaka iwe kama uji mzito, iweke pamoja na kipimo katika chombo kinachofungwa barabara, uviache kwa siku nzima mahali pasipobadilika joto. Kipimo kinapaswa kuonyesha asilimia 75. Kikionyesha 69, ujue daima unapaswa kuongeza 6.

Upinde nao usisahauliwe: singa za farasi hurefuka penye unyevu na kufupika penye ukavu, kwa hiyo zilegeze kila unapomaliza kupiga. Gari lililofungwa juani si mahali pa fidla hata kwa muda mfupi, kwani gundi ya ngozi inayoiunganisha hulainika kwa joto. Ukisikia mlio wa kukwaruza usiokuwepo jana, gongagonga ukingo wa fidla kwa kifundo cha kidole pande zote. Panapotoa sauti ya kupwaya ndipo kiungo kilipoachia. Hilo ni afadhali kuliko ufa, na fundi hulirekebisha haraka, mradi tu usimtangulie kwa kupaka gundi nyeupe ya seremala, ambayo haitoki kirahisi.