Barua kwa mwanangu: nauli ya jipni na wali wa Lola

Mwanangu, mama,

Ile voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza peke yangu, ya pili na mama yako, ya tatu nikiwa shambani. Unauliza Mfilipino wa kawaida kama wewe, nesi wa Dubai anayelipia kitanda kwenye chumba cha watu sita na kutuma hela kila mwisho wa mwezi, aifanyie nini nchi yake ambayo imezama kwenye maji na kwenye wizi kwa wakati mmoja. Urudi Los Baños ukawe pamoja na wenzako walioandamana tarehe 21 Septemba 2025 kupinga wizi wa hela za mafuriko, au ubaki huko uendelee kutuma. Mama yako kaniambia nisijibu haraka, kwa sababu jambo hili linaniuma na nikijibu haraka nitajibu kwa uchungu. Basi nimekaa nalo siku mbili na bado linauma.

Wacha nianzie kwenye jipni, ile daladala ya kwenu.

Unajua nilifika Los Baños mwaka 1984, kijana wa Same nimepelekwa kusoma mpunga kwenye ile taasisi ya kimataifa chini ya mlima Makiling. Wiki ya kwanza tu nikapanda jipni ya kwenda Calamba, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango, naangalia konda yuko wapi, konda hakuna. Nauli nampa nani? Mama mmoja pembeni yangu akanyoosha mkono na noti yake, akasema "bayad po", yaani nauli hii tafadhali, aliyekaa mbele yake akaipokea bila hata kugeuka, akampa mwingine, noti ikatembea mikono sita au saba mpaka kwa dereva, na dereva anaendesha huku noti kazikunja kwa urefu kazibana katikati ya vidole, alafu chenji ikarudi njia ileile, mkono kwa mkono, ikamfikia yule mama kamili. Hakuna aliyemjua mwenzake mle ndani. Nimeishi pale miaka 14 na sikuwahi kuona sarafu moja ikipotea njiani.

Kwaiyo binamu yako anapoandika kwenye grupu la familia kwamba Wafilipino wana wizi kwenye damu, mimi siwezi kukaa kimya, nimempigia simu nikamwambia hapana, damu haina kosa. Pesa inayopita machoni pa watu haipotei. Hilo nimelisema tangu uko darasa la pili na nitaendelea kulisema.

Sasa ichukue hiyo nauli uiweke pembeni ya habari za mafuriko. Rais mwenyewe katangaza Agosti 2025 kwamba tangu aingie madarakani miradi ya kuzuia mafuriko imechukua peso bilioni 545, na makandarasi 15 tu, kati ya zaidi ya 2,000, wamebeba karibu bilioni 100 ya hizo. Alafu akaenda Baliuag kule Bulacan, barangay ya Piel, barangay ni kama mtaa au kijiji kwetu, kuangalia ukuta wa mto wa peso milioni 55 ambao umeandikwa umekamilika na umelipwa wote. Akakuta hakuna ukuta.

Mimi nilipoisoma hiyo sikuwaza wezi kwanza, niliwaza majirani. Watu wa Piel wanaupita ule mto kila siku, wanajua kabisa hakuna ukuta hapo. Wasichokijua ni kwamba kuna karatasi mahali, ofisini, inayosema ukuta upo. Na yule mwenye karatasi hauoni mto. Mwenye macho hana karatasi na mwenye karatasi hana macho, pesa inapotelea hapo katikati, na mvua ikija inamfuata mwenye macho kitandani. Ndo mana Agosti ileile serikali ilipofungua tovuti ya kuonyesha kila mradi uko wapi na ni wa shilingi ngapi, nasema shilingi, ni wa peso ngapi, watu wakaanza kwenda kuangalia nyuma ya nyumba zao na kuandika malalamiko, hapo ndo mambo yakaanza kufumuka. Wala hawakuhitaji digrii, walihitaji kuonyeshwa karatasi tu.

Hapa ningeweza kumaliza, lakini kuna wali wa Lola yako, bibi yako mzaa mama, na nikikuficha huo nakuwa nimekujibu nusu.

Hii hadithi mama yako anaijua, wewe umesikia kipande tu. Februari 1986. Uchaguzi ulikuwa Ijumaa tarehe 7, Marcos mzee aliyekuwa anatawala dhidi ya Cory, mjane wa Aquino, na mama yako alishajiandikisha NAMFREL, wale wa kujitolea kulinda masanduku ya kura. Jumatano jioni nikafika nyumbani kwao, nilikuwa bado mchumba hata sijakubaliwa vizuri. Mezani kwenye kile kitambaa cha plastiki chenye maua ya njano kulikuwa na sufuria ya wali mpya, mweupe, unatoa moshi, na nyumba ile wiki nzima ilikuwa inakula uji wa wali tu, ule lugaw. Dirishani kulikuwa na bahasha ya kaki imepasuliwa kwa juu na chupa mpya ya dawa ya kifua ya Lolo, babu yako. Mama yako akauliza bahasha imetoka wapi. Lola akajibu kama anayejibu habari za hali ya hewa, wamepita watu wa kampeni, wamegawa peso 50 kila nyumba, na sisi wametupa.

Mwanangu, nilisema maneno. Nilikuwa na miaka 27, na nilikuwa natoka nchi ya Mwalimu, nikamwambia yule mama mbele ya watoto wake kwamba kwetu Tanzania mtu hauzi kura yake, kwamba kwa peso 50 ameuza miaka sita ya wajukuu zake. Kitagalog changu kilikuwa kibovu lakini hayo yalieleweka yote. Lola hakunijibu. Alichukua sahani yangu, akapakua wali, akaweka na samaki mkavu juu yake, akasema "kain na, anak", kula sasa mwanangu. Nikala. Nimemaliza kusema yale yote alafu nikala, na aliponiongeza mara ya pili nikala tena.

Ijumaa alienda kupiga kura asubuhi na mapema. Alimpa nani mpaka anaingia kaburini hakusema, na siku zile hata mapadri walikuwa wanawaambia watu chukueni hela na moyo wenu ubaki wenu. Jioni akanikabidhi furushi la majani ya migomba, wali na mayai, nimpelekee mama yako kule shule ya msingi, na nilipofika nikawakuta wamekaa duara kuzunguka sanduku, walimu, wanafunzi, fundi cherehani mmoja, sista wawili, wamefungana mikono wanasubiri sanduku lisindikizwe munisipaa, hawajala tangu asubuhi. Wakagawana ule wali. Uliotoka kwenye gunia lilelile. Wali wa bahasha ndo uliowalisha walinzi wa sanduku, na mimi nimesimama pale nimeushika kwa mikono yangu.

Tarehe 9 wale watu wa kompyuta wa tume ya uchaguzi, watu 30 na kitu, wakasimama wakatoka nje kwa sababu namba wanazoingiza wao hazilingani na zinazosomwa ubaoni. Hao ndo mashujaa wangu mimi. EDSA unaijua, siirudii, bahari ya watu kwenye ile barabara kuu ya Manila kuanzia tarehe 22 mpaka 25 na Marcos akaondoka kwenda Hawaii. Mama yako alienda, mimi sikwenda, niliogopa kunyang'anywa skolashipu, na hilo nimeshakuambia.

Lola sikumwomba radhi. Nilikuwa nasema nitafanya, nitafanya. Alafu tukarudi Tanzania, na kwenye kampeni za mwaka 2000 nikamkuta bibi yako wa Same amevaa khanga mpya ya chama na ana kilo mbili za sukari, na sheria yetu yenyewe ilikuwa imeshaibariki ikaiita takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipokuja kuifuta 2006. Sikumwambia kitu bibi yako. Nilikunywa chai yake.

Unaona sasa nilivyobanwa? Wimbo wangu ni kwamba pesa ikipita machoni haipotei, na bahasha ya Lola ilipita mchana kweupe, nyumba kwa nyumba, barangay nzima inaona. Nimelizungusha hili miaka karibu 40. Kuna siku nasema Lola alikosa, basi. Kuna siku nasema aliyekosa ni yule aliyeiacha nyumba ikanywa uji wiki nzima ili wali wa siku moja uonekane ni zawadi. Ninachokiona sasa, na naweza kuwa nakosea, ni kwamba ndani ya jipni kila mtu anaijua nauli. Dereva akikata zaidi watu wanapiga kelele wote. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia Lola kura yake inanunua nini, zahanati ile ilitengewa ngapi, dawa ya Lolo ilitakiwa iwepo bure au hapana. Angejua, peso 50 angeiona ndogo. Alipewa chenji na hajui alitoa noti ya ngapi.

Na usidhani 1986 ilimaliza. Mwaka 2022 kura zaidi ya milioni 31 zimemweka mtoto wa Marcos yuleyule kuwa rais, na ndiye huyu aliyesimama bungeni Julai 2025 akawaambia wala rushwa waone haya mbele ya Wafilipino wenzao. Wengi wa waliompa wamezaliwa baada ya EDSA. Siwezi kuwatukana, nimeshatukana mezani mara moja inanitosha.

Sasa hela zako. Wenzako wa ughaibuni wametuma zaidi ya dola bilioni 34 mwaka 2024, hiyo ni ada, ni paa, ni dialisisi ya baba wa mtu. Nchi inawaita mashujaa wapya tangu enzi za Cory Aquino, na mimi hilo jina silipendi, nakwambia wazi. Shujaa haulizwi amechoka, na shujaa hadai risiti. Ni kama ile sifa nyingine, kwamba Mfilipino ni mstahimilivu, anacheka maji yakiwa kifuani. Tita wako, ndo mnavyomwita shangazi huko, alipandishwa juu ya paa mafuriko yakiwa uani kwake akapigwa picha anacheka, na aliniambia mwenyewe alicheka kwa sababu mpiga picha alimwambia acheke.

Lakini sitaki ufikiri nadharau kusaidiana. Mimi ni mtoto wa msaragambo, nimechimba mifereji na kijiji kizima nikiwa mdogo, na ile bayanihan yao ya kubeba nyumba ya mtu mabegani kwa mianzi nikaielewa siku ya kwanza kwa sababu hiyo. Na kile kipindi cha korona, Aprili 2021, binti mmoja alipotoa mkokoteni wa mianzi mtaa wa Maginhawa kule Quezon City, kaweka mboga na makopo, kaandika kwenye kipande cha boksi toa kadiri ya uwezo, chukua kadiri ya uhitaji, na ndani ya siku chache mikokoteni imetapakaa nchi nzima, Tita na yeye akaweka meza getini. Mayai na kangkong, ile mboga ya majani. Alikuwa anachungulia dirishani nani atazoa yote, na mtu mmoja mmoja alikuwa anachukua mayai mawili anaondoka, na mzee wa kuokota chupa akaja akaacha ndimu tatu. Ni jipni ileile. Ila ndimu tatu hazijengi tuta la mto, na mimi naogopa, mama, naogopa sana watu wazuri hivi wakizoea kuzibiana pengo, waliochimba pengo wanalala usingizi.

Kwaiyo ungeniuliza mimi Mfilipino wa kawaida afanye nini, ningesema ahesabu. Sheria yao ya serikali za mitaa ya mwaka 1991 inasema barangay lazima iitishe mkutano wa wakazi angalau mara mbili kwa mwaka, kila mkazi wa kuanzia miaka 15, na wasomewe mapato na matumizi. Mama yako alikuwa anaenda. Viti 100, watu 20, nusu yao wanasubiri vitafunwa. Kuna karatasi lazima ibandikwe mahali watu wanapita, na watu wanapita kweli, wanaenda kucheza mpira wa kikapu uwanjani pembeni yake hapo. Wewe ulicheza hapo. Na uchaguzi unaweza kupiga ukiwa hukohuko Dubai, 2025 waliwaruhusu kwa intaneti, ulinificha kama ulipiga au hukupiga na sikukuuliza, leo nakuuliza.

Kuhusu kurudi au kubaki. Nilishaandika jibu langu hapa, mistari minne, mama yako akasoma akasema futa, huyo ni mtu mzima ana miaka 36. Nimefuta. Nilitaka kulirudisha sasa hivi na nimejizuia. Kama ungekuwa umekaa mbele yangu ungeliona usoni, lakini mahesabu ya kodi ya kitanda na ya dawa za Tita unayajua wewe, na mimi nilishawahi kumpangia mtu maisha mbele ya sufuria yake.

Desemba ukienda likizo, kabla misa za alfajiri hazijaanza tarehe 16, pita pale ofisi ya barangay ya Lola, pembeni ya uwanja. Ubao uko mkono wa kushoto ukiingia, una kioo. Angalia kama ile karatasi ya mapato na matumizi ipo na ni ya mwaka gani. Kama haipo muulize karani kwa heshima, sema "po" kila mahali, wewe ni mkazi wa pale kabla yake. Kama ipo nipigie picha, ya karibu, tarakimu zisomeke.

Baba yako