Samaki wa Bahari Hufa Wakifika Bara: Maswali na Majibu

Wiki hii maswali karibu yote yametoka kwa wanaofuga samaki wa maji chumvi huku kwetu, mbali na pwani. Ombi langu kwenu ni moja: ukiniandikia, anza kwa kutaja samaki alikufa baada ya muda gani tangu aingie tangini. Anayekufa siku hiyo hiyo na anayekufa baada ya wiki mbili hawajauawa na kitu kimoja.

Swali: Naletewa samaki kwa basi la usiku kutoka Mombasa. Wanafika wazima, nafungua mfuko na kuwadondoshea maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa mbili. Kufikia jioni wamekufa. (Kondele, Kisumu)

Hizo saa mbili ndizo zinazowamaliza. Safari ni zaidi ya kilomita 800, na muda wote huo samaki anapumua na kutoa amonia, taka ya mwili wake, ndani ya mfuko uliofungwa. Hewa ya kaboni inayojikusanya humo hushusha pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, asidi imezidi), na pH ikiwa chini amonia haina ukali. Ukifungua mfuko, hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na amonia inageuka sumu samaki akiwa bado humo humo.

Muulize anayekuuzia chumvi ya maji yake ni kiwango gani. Wengine hufungasha kwa 1.020 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, ambayo ni 1.000) au chini zaidi. Tayarisha tangi dogo la pembeni lenye kiwango hicho hicho. Uache mfuko uelee humo ukiwa umefungwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, ndipo uufungue, umhamishe samaki mara moja na kumwaga maji ya mfuko. Chumvi utaipandisha taratibu siku zinazofuata, maana samaki huvumilia chumvi ikishuka kuliko ikipanda. Na kipimo chako kijaribu kwa maji yaliyotoneshwa: kisiposoma 1.000, kinakudanganya.

Swali: Tangi langu lina wiki moja na maji yanang'aa. Mbona kangaja (samaki aina ya tang) amekufa siku ya tatu? (Nakuru)

Maji kung'aa si hoja. Amonia haionekani kwa macho. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kuota kwenye mawe na kichujio. Tupia kipande cha kamba wa baharini, kikiwa kibichi, kioze humo, upime, na usinunue samaki mpaka amonia na nitriti zote zisome sufuri. Hata hapo usianze na kangaja: anataka tangi kubwa na mwani wa kula.

Tena Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Maji ya huko hubeba oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa, na maji chumvi hubeba kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi. Elekeza pampu itibue uso wa maji, na uwe na pampu ya betri kwa siku stima inapopotea.

Swali: Naweza kuchota maji ya Ziwa Nakuru, kwa kuwa ni ya chumvi? (Njoro)

Usithubutu. Hayo ni maji ya magadi, pH yake hufika 10 hivi, na ya bahari ni kama 8.2. Chumvi ya jikoni nayo haifai, haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Nunua chumvi ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa lita ya maji yaliyochujwa na yasiyo na klorini.

Swali: Mgeni alitoka madoa meupe baada ya wiki mbili, akafa, sasa na wenyeji wanajikuna kwenye mawe. (Kakamega)

Ni vimelea, na uliwaleta wewe kwa kuruka karantini. Wahamishe samaki wote kwenye tangi la matibabu, uwape dawa ya shaba huku ukipima kiwango chake kila siku. Usiitie shaba kwenye tangi kuu. Kamba na matumbawe hawataiona kesho. Tangi kuu likae bila samaki wiki 10 au 11. Ni muda mrefu, najua, lakini ukifupisha utaanza upya.

Swali: Damseli wangu wa buluu anamfukuza kila mgeni hadi afe. (Bungoma)

Panga mawe upya ili naye ajione mgeni, na uingize samaki taa zikiwa zimezimwa. Akiendelea na ubabe, muuze.